Kiungo cha Saba

Mama Cirhuza haoni tangu mwaka juzi,
na ngazi ya kwake, huku Kadutu,
ina vidato arobaini na vitatu vya mawe na udongo
toka barabarani hadi mlangoni.
Mvua ya Novemba huigeuza sabuni.

"Nsimire, nitengenezee kitu cha kushika,
kisichonichafua kiganja."

Bomba la inoksi nililipata kwa wauza vyuma vikuukuu,
ubavu wa kitanda cha hospitali,
namba 14 imechongwa karibu na ncha.
Nguzo nikazikata kwenye chuma cheusi,
kile cha mageti na madirisha ya mtaa mzima,
maana inoksi tupu ingekula bei ya nyumba.

Mara ya kwanza nilidanganya.
Si kwa mdomo, kwa bageti.
Nilichukua zile za kila siku, za pakiti iliyolala wazi,
mshono ukakaa vizuri,
nikaupaka rangi ya fedha, nikapokea pesa.

Kabla ya Pasaka akaniita.
Akanishika kidole, akakipeleka kwenye kiungo cha saba.
"Hapa panakwaruza."
Ufa mwembamba kama unywele,
na kutu ikichungulia.
Sikuwa nimeuona. Mimi, mwenye macho mawili.

Mugaruka, aliyechomelea matangi ya bia miaka kumi
akafukuzwa kwa kuyaonja,
alicheka mpaka akakohoa.
"Cheusi ni maskini, inoksi ina mali.
Ukiwayeyusha kwa bageti maskini
umaskini unaenea, mshono unakauka,
unapasuka kama mkate wa juzi.
Tafuta mia tatu na tisa.
Ile imejaa kupita haja yake,
ikishagawa, bado inabaki na kitu."

Nikasema: kumbe ni kama ndoa.
Akanitazama kama nimekanyaga waya.
"Ndoa ni ndoa. Hii ni chuma.
Na brashi yako hiyo, itupe."

Brashi! Ilikuwa imesugua mageti yote ya Kadutu,
nami nikaipitisha juu ya inoksi,
ikaacha punje zake humo,
na kisichoshika kutu
kikashika kutu ya jirani.

Bageti kumi na moja zilivuka Ruzizi
zimeviringishwa ndani ya kitenge, kavu kama biskuti.
Pesa ya kazi ya kwanza ikaisha palepale,
ikadai na ya mwezi uliofuata.

Umeme ulirudi saa tano usiku.
Nikasaga mishono yote ya uongo, kumi na sita,
brashi mpya, jiwe jipya.
Moto nikaushusha, ncha nikaielekeza kwa cheusi zaidi,
maana inoksi hupata joto upesi na kukunja mgongo.
Nikapiga kidogo, nikaruka nguzo mbili,
nikarudi, nikangoja.
Pembeni mwa mshono ikatoka rangi ya majani makavu,
kisha zambarau, kisha bluu ya koo la njiwa.

Majirani waligeuza nyuso, wakafunga madirisha.
Yeye peke yake alikaa kwenye kidato cha juu
akinikabili, macho wazi,
mbele ya mwanga unaopofusha.
"Fumba, mama."
"Nifumbe nini?"
"Ngozi nayo inaungua."
Akajifunika khanga usoni, akaendelea kusikiliza.
Mshono mbaya hutapika, aliniambia baadaye,
huu ulikuwa ukikaanga.

Alfajiri akashuka.
Sikumshika. Nilitembea nyuma yake
nikiwa na nyundo mkononi, bila sababu.
Kiganja kikateleza juu ya bomba, nguzo ya kwanza, ya pili.
Kwenye ya saba kilisimama.
Kidole gumba kikazunguka mshono, kikarudi, kikazunguka tena.
Hakusema kitu. Akapita.

Karibu na barabara akasimama tena.
"Na hii ni nini?"
"Namba, mama. Kumi na nne. Lilikuwa bomba la kitanda."
Akaipapasa moja, akaipapasa nne.
"Nani alilala hapa?"

Manyunyu yalikuwa yameanza.
Nikasema sijui,
naye akashuka vidato vilivyobaki
akiwa ameshikilia.